Waya Unaponyamaza: Makubaliano ya Mashine Zilizotengana katika Historia ya Katanga

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza tatizo moja ambalo wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakilishughulikia tangu miaka ya 1960, na ambalo kwa kawaida hufundishwa vyuoni kana kwamba lilizaliwa ndani ya kompyuta zenyewe. Tatizo lenyewe ni hili: mashine mbili au zaidi zilizotengana, kila moja ikiendesha programu yake wakati mmoja na nyingine, zitakubalianaje juu ya jambo lililo mali ya zote, ilhali njia pekee ya kupashana habari ni ujumbe, na ujumbe huweza kuchelewa, kurudiwa au kupotea? Mfumo wa namna hiyo tutauita mfumo uliosambaa, na kila kazi inayoendeshwa ndani yake tutaiita mchakato.

Hoja yetu ni kwamba katika nchi ya Katanga tatizo hili lilikabiliwa kabla ya programu ya kwanza kuandikwa. Lilikuwako kwenye reli, likaja kwenye nyaya za umeme, likaingia katika fedha, na leo limo ndani ya simu ya kila mchuuzi. Kila mara ufumbuzi ulibeba ndani yake uamuzi juu ya nani asubiri na nani aruhusiwe kuendelea peke yake waya unaponyamaza. Uamuzi huo haukuwa wa mafundi peke yao, na ndiyo sababu historia yake inastahili kusomwa na wasio mafundi pia.

Reli ya njia moja

Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania. Mwaka 1918 ilifika Bukama, mwaka 1928 ikafikishwa Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na mwaka 1931 ikakutana na reli ya Benguela itokayo Lobito. Kwa sehemu kubwa ilikuwa reli ya njia moja, na treni mbili zinazoelekeana hazikuwa na budi kupishana stesheni.

Kanuni ya reli za aina hiyo ni ile ile duniani kote: kipande kilicho kati ya stesheni mbili kisikaliwe na treni zaidi ya moja. Mkuu wa stesheni hamruhusu dereva kuondoka mpaka awe ameuliza stesheni ya mbele, kwa telegrafu au kwa simu, naye ajibiwe kwamba njia i wazi. Jibu lisipokuja, treni husimama. Abiria watalalamika, shaba itachelewa bandarini, lakini treni itasimama, kwa sababu ukimya hauwezi kutafsiriwa kuwa ruhusa. Huu ndio uamuzi wa kwanza wa historia yetu: waya unaponyamaza, kila mtu asubiri.

Ni jambo la kupendeza kwamba sayansi ya kompyuta ilipoanza kulitafakari suala hili, ilikwenda kuazima maneno kwenye reli. Mholanzi Edsger Dijkstra, katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, alibuni chombo cha kuzuia michakato miwili isiingie pamoja mahali panapotosha mmoja tu. Alikiita semafori, jina la ile mikono ya chuma inayomwashiria dereva apite au asimame. Herufi mbili alizotumia, P na V, alizieleza kwa maneno ya Kiholanzi passering na vrijgave, yaani kupita na kuachilia, akasema wazi kuwa yametokana na ishara za reli. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi anayefundishwa semafori leo, huku makao makuu ya shirika la reli, SNCC, yakiwa katika mji wake, anarudishiwa kitu ambacho babu yake huenda alikiendesha kwa mkono.

Reli ilifundisha pia ubaya wa kusubiri. Tuseme treni mbili zimeingia katika stesheni mbili jirani, kila moja ikihitaji kipande kinachoongoza kwenye stesheni ya mwenzake, na stesheni zote mbili zimejaa. Kila dereva ameitii kanuni, wala hakuna aliyekosea, na hakuna atakayeondoka kamwe. Napendekeza hali hii tuiite mkwamo. Neno hili latosha, na kila aliyesafiri kwa lori katika masika ya Katanga analielewa bila kufafanuliwa.

Inga na Kolwezi

Tuje sasa kwenye mfano ulio mzito kuliko yote. Katanga ilikuwa na mitambo yake ya umeme wa maji, kama vile Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke, iliyojengwa kati ya mwaka 1930 na miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi ya Union Minière. Hata hivyo, baada ya bwawa la Inga I kuzinduliwa mwaka 1972, serikali ya Mobutu iliamua kuusafirisha umeme wa mto Kongo hadi Kolwezi, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Mitambo ya kubadilisha umeme ilitengenezwa na kampuni ya ASEA ya Uswidi. Uwezo wa njia ulipangwa kuwa megawati 560 kwa volti 500,000. Nao mradi ulianza kutumika mwaka 1982. Hadi mwaka 2010, ilipozinduliwa njia ya Xiangjiaba hadi Shanghai huko China, hapakuwa na njia ndefu kuliko hiyo duniani iliyosafirisha umeme kwa mkondo mnyoofu.

Kwa nini? Jean-Claude Willame, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Inga, aliuona mradi huu kuwa uporaji uliovikwa joho la maendeleo, wakinufaika wajenzi na wakopeshaji wa kigeni, na deni likibakia kwa raia. Wengine wamesisitiza siasa. Katanga ilijitenga kati ya 1960 na 1963, na vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vilizuka wakati nguzo za njia hiyo zikiwa bado hazijamaliza kusimikwa. Mwenye kushika swichi ya Inga angeweza kuzima migodi ya Kolwezi. Sioni sababu ya kuukataa ufafanuzi wowote kati ya hiyo miwili. Hamu ya kutawala na hamu ya kula huketi meza moja bila kugombana. Chini ya nyaya hizo vijiji vingi vilibaki na vibatari, kwa kuwa umeme wa mkondo mnyoofu hauchotwi njiani pasipo mitambo ya gharama kubwa. Na mradi ulipokamilika, kwa miaka mingi njia ilibeba sehemu tu ya uwezo wake.

Lakini nia ya wanasiasa ni jambo moja, na tabia ya mashine ni jambo jingine. Hapa ndipo penye funzo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika maandishi juu ya Inga. Umeme unaozalishwa Inga ni wa mkondo geu. Kituo cha Inga huubadilisha kuwa mnyoofu, na kituo cha Kolwezi huurudisha kuwa mkondo geu ili utumike. Vituo hivi viwili lazima vikubaliane kila wakati juu ya kiasi cha mkondo kinachopita. Hata kama ujumbe ungekwenda kwa kasi ya nuru, ungechukua kiasi cha milisekunde 6 kufika. Na kwa kweli mawasiliano ya kupita msituni na nyikani kwa kilomita 1,700 huchelewa zaidi, na mara nyingine hukatika kabisa. Kituo cha Kolwezi kikifanywa mtumwa asiyetenda lolote bila agizo kutoka Inga, kila radi itakayokata mawasiliano itaangusha umeme wote.

Mafundi wa mitambo ya aina hii wana ufumbuzi uliozoeleka. Kituo cha kwanza hulinda mkondo, cha pili hulinda volti. Ila cha pili nacho hupewa kiwango chake cha mkondo, kilicho chini kidogo ya kile cha kwanza. Kwa desturi tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya kumi. Mambo yakiwa shwari, kiwango hicho cha pili hakitumiki. Volti ya Inga ikishuka kwa hitilafu, mkondo nao huanza kupungua, na Kolwezi huuona upungufu huo kwenye nyaya zenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mkondo ukifika kwenye kiwango chake, Kolwezi hushika kazi ya kuulinda. Simu haikupigwa, wala amri haikutolewa, na hata hivyo vituo viwili vimebadilishana madaraka. Kinachowaunganisha ni ile nafasi ndogo waliyokubaliana kabla ya shida kutokea.

Ujumbe huhitajika pale tu viwango vinapobadilishwa, na hapo utaratibu ni mkali. Kiasi cha umeme kikiongezwa, kituo cha kupeleka hupandisha kiwango chake kwanza, kisha cha kupokea hufuata. Kikipunguzwa, cha kupokea hushusha kwanza, ndipo cha kupeleka kishushe. Kwa njia hiyo ile nafasi kati ya viwango haipotei hata ujumbe wa pili ukichelewa. Utaratibu ukigeuzwa, kiwango cha Kolwezi kitakuwa juu ya kile cha Inga, kila kituo kitavutana na mwenzake, na volti itaporomoka. Na mawasiliano yakikatika, vituo hubaki na viwango vilivyoafikiwa mwisho. Hapa pana uamuzi tofauti na ule wa reli: waya unaponyamaza, endelea na neno la mwisho mlilokubaliana, lakini usibadilishe kitu.

Tazama basi kinaya chake. Ikiwa nia ya mradi ilikuwa kuiweka Katanga chini ya mkono wa magharibi, mashine zilizojengwa kuitimiza hazikuweza kufanya kazi ila kwa kuipa Kolwezi uwezo wa kujiamulia. Kinshasa ingeweza kuuzima umeme. Kuuendesha bila ridhaa ya upande wa pili isingeweza.

Saa mbili za nchi moja

Inga na Kolwezi zinatofautiana pia kwa saa. Kongo ina majira mawili: Kinshasa na magharibi yote iko nyuma kwa saa moja kuliko Lubumbashi na mashariki. Habari za televisheni ya taifa zinazosomwa Kinshasa saa mbili usiku hutazamwa Lubumbashi saa tatu. Mtu akiweka mbele yake daftari la matukio la Inga na lile la Kolwezi, akataka kujua hitilafu ilianzia wapi, itambidi kwanza aondoe saa moja. Akishaiondoa, bado hajafika. Saa za ukutani haziendi sawasawa hata zikiwa katika chumba kimoja, na tukio linaloangusha umeme hupimwa kwa milisekunde.

Mwaka 1978 Mmarekani Leslie Lamport alichapisha makala mafupi yaliyolitazama jambo hili upya. Alisema kwamba katika mfumo uliosambaa hatuhitaji kwanza kuuliza tukio lilitokea saa ngapi. Tuulize kama tukio moja liliweza kulisababisha jingine. Kutumwa kwa barua hutangulia kupokewa kwake, hata kama saa ya mpokeaji iko nyuma. Matukio mawili yasiyounganishwa na ujumbe wowote hayana wa kwanza wala wa pili, na kulazimisha mpangilio baina yao ni jambo la hiari ya mwenye mfumo. Lamport alionyesha jinsi kila mchakato unavyoweza kubeba hesabu yake ndogo, ikiongezwa kwa kila tukio na kusahihishwa kwa kila ujumbe unaoingia, ili mpangilio wa sababu uhifadhiwe pasipo saa ya ukutani. Nadhani Mkongo aliyezoea kuuliza «saa ya wapi?» kila anapopewa miadi kwa simu hapati shida kubwa ya kuielewa hoja hiyo.

Nchi hii imeonja pia kile kinachoitwa mgawanyiko, yaani hali ambapo sehemu mbili za mfumo mmoja haziafikiani tena, na kila moja inaendelea kana kwamba yenyewe ndiyo mfumo wote. Mwezi Oktoba 1993 serikali ya Zaïre ilitoa fedha mpya, nouveau zaïre. Watu wa Kasai zote mbili waliikataa, wakaendelea kutumia noti za zamani zilizokwisha kufutwa rasmi. Kwa miaka kadhaa nchi moja ilikuwa na fedha mbili, na mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi kwenda Mbuji-Mayi alivuka mpaka usiokuwamo katika ramani. Bei zilipanda kwa kasi kwingineko kuliko Kasai, kwa sababu noti za zamani hazikuchapishwa tena. Daftari hizo mbili ziliunganishwa tena baada ya mwaka 1998, ilipotolewa faranga ya Kongo.

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa dai, lililothibitishwa kihisabati na Seth Gilbert na Nancy Lynch mwaka 2002, kwamba mgawanyiko unapotokea mfumo hauwezi kushika mambo mawili kwa pamoja: kumjibu kila mwenye haja, na kuwapa wote jibu lililo moja. Reli ilichagua jibu moja na kufunga njia. Kasai ilichagua kuendelea na soko.

Phonie, simu na fedha

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 huduma ya simu ya serikali ilikuwa imezorota, na simu za Telecel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1986 na Miko Rwayitare, zilikuwa za wachache wenye uwezo. Mwananchi wa kawaida alikwenda kwenye phonie, yaani kibanda chenye redio ya mawasiliano. Hapo hazikupelekwa salamu na habari za misiba tu. Fedha nazo zilipelekwa. Mtu alimkabidhi wakala fedha katika mji mmoja, wakala akamwita mwenzake wa mji mwingine kwa redio, naye akamlipa ndugu aliyetajwa.

Sasa redio imekatika katikati ya maneno. Je, wa upande wa pili amesikia au hakusikia? Wa kwanza akirudia agizo, huenda malipo yakafanywa mara mbili; asiporudia, huenda ndugu akarudi mikono mitupu. Jibu la kuthibitisha nalo laweza kupotea, na uthibitisho wa uthibitisho vilevile. Jim Gray, katika maandishi yake ya mwaka 1978, aliliweka fumbo hili katika sura ya majemadari wawili wanaotaka kushambulia pamoja huku matarishi wao wakikamatwa njiani, na imethibitishwa kwamba kwa idadi yoyote ya matarishi hawawezi kufikia uhakika kamili. Kinachowezekana ni kuufanya urudiaji usidhuru: kila agizo lipewe namba yake, na mpokeaji aandike namba alizokwisha kuzilipa. Agizo likija tena kwa namba ile ile, hujibu «nimekwisha kulipa», wala hafungui sanduku.

Ndivyo zinavyofanya huduma za fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005. Vodacom iliileta Kongo mwezi Novemba 2012. Kila muamala hubeba namba ya pekee, na ujumbe mfupi wa uthibitisho ni stakabadhi tu: ukipotea, fedha haipotei, kwa maana ukweli umo katika daftari la seva. Kwa miaka ya kwanza daftari la M-Pesa ya Kenya lilihifadhiwa Ujerumani, na lilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Hata malipo ya mama muuza mboga na jirani yake, waliosimama hatua mbili wakitazamana, yalipitia Ulaya na kurudi.

Ndani ya mitambo ya simu kuna historia nyingine ambayo nitaigusa tu. Kuanzia mwaka 1986 Joe Armstrong na wenzake wa kampuni ya Ericsson, huko huko Uswidi, waliibuni Erlang, lugha ya kuandikia programu za kuongoza simu. Ndani yake michakato haigusi kumbukumbu ya mwenzake. Hupelekeana ujumbe tu, na mmoja ukianguka, mwingine uliowekwa kuuchunga huuanzisha upya. Waandishi wake walianza na imani kwamba kitu kitaharibika, kisha wakauliza nani atagundua.

Tumalizie na kazi ndogo ambayo mwanafunzi wa Lubumbashi aweza kupewa leo. Duka la vifaa vya ujenzi lina tawi Likasi na jingine Kolwezi, na ghala moja lenye mifuko 100 ya saruji. Mtandao hukatika kila siku. Kompyuta ya tawi ikilazimishwa kuuliza Lubumbashi kabla ya kila mauzo, tawi litafungwa kama treni iliyonyimwa njia. Ikiachwa iuze kwa kukisia, mfuko mmoja utauzwa mara mbili. Njia ya tatu ni ile ya Inga na Kolwezi: kila tawi lipewe mapema kiwango chake, Likasi mifuko 40 na Kolwezi 60, liuze ndani ya kiwango hicho bila kumwuliza mtu. Siku Likasi itakapohitaji nyongeza ya mifuko 10, Kolwezi ishushe kwanza kiwango chake hadi 50 na iandike hivyo katika daftari lake, ndipo Likasi ipandishe. Ujumbe ukipotea kati ya hatua hizo mbili, mifuko 10 italala ghalani pasipo mwenyewe mpaka mawasiliano yarudi, na hakuna mteja atakayekuwa ameuziwa kisichokuwapo.